Sindano za Jumatano

Kila siku, saa kumi jioni ilipokaribia, wanawake wa Uru, kijiji cha mlimani juu ya Moshi, walipita njiani wakiwa na mundu mkononi na kamba kiunoni, wakiteremka kukata majani ya ng'ombe. Kule mlimani ng'ombe hawachungwi. Hufungwa bandani mwaka mzima na kuletewa chakula. Kwa kuwa kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, hujaa migomba na kahawa, majani hutafutwa bondeni, hufungwa mizigo na kubebwa kichwani hadi nyumbani.

Lukresia alikuwa msaidizi wa mama yake katika kazi hiyo. Mwaka ule wa 2002 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, mrefu na mwembamba, mwepesi wa hesabu kuliko wenzake wengi. Mama yake, Dominika, alifuga ng'ombe wawili wa maziwa. Baba yake, Sirili, alilima kahawa.

Majani yalimtesa Lukresia. Alikuwa hajamaliza hata mzigo mmoja, pua inaanza kumwasha. Kisha zinakuja chafya mfululizo, kumi, kumi na tano, mpaka mbavu zinauma. Macho yanavimba na kuwa mekundu kama ya mtu anayetoka msibani.

"Binti yako ana ujanja," jirani mmoja alimwambia Dominika huku akicheka. "Akiona mundu tu, anaanza kuumwa."

Lukresia alisikia, na maneno yale yalimchoma. Tangu siku hiyo alijikaza. Alikata majani huku machozi yakimtiririka, asiseme neno.

Mwezi Juni, majani yalipokuwa yametoa maua, kujikaza kukamshinda. Alikuwa ameinama bondeni alipohisi kifua kinabana kama kimefungwa mkanda. Akajaribu kuvuta pumzi, ikaingia nusu. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Mama yake alipogeuka alimkuta amepiga magoti, mdomo umebadilika rangi.

"Lukre! Mwanangu!"

Dominika alitupa mundu, akambeba mgongoni na kupanda naye hadi barabarani. Bahati nzuri gari la kusomba maziwa lilikuwa linateremka mjini. Dereva hakuuliza maswali. Aliwashusha Moshi, kwenye kliniki ndogo nyuma ya soko, na daktari akampa Lukresia dawa ya kuvuta kwa mdomo. Baada ya nusu saa filimbi ikanyamaza. Dominika alikaa sakafuni pale pale, akaegemea ukuta, akalia.

Daktari huyo aliitwa Filemon. Wiki iliyofuata aliwaita wazazi wote wawili. Aliuweka mkono wa Lukresia mezani, akaudondoshea matone sita ya maji ya aina mbalimbali, akachoma kidogo juu ya kila tone. Matone matano hayakufanya kitu. La sita liliacha uvimbe mkubwa kama wa aliyeumwa na nyuki.

"Hili ni la chavua, ule unga wa maua ya majani," alisema. "Mwili wa mtoto unaipiga vita chavua kana kwamba ni adui. Ugonjwa huu unaitwa mzio. Wengine mnasema aleji."

"Kwa hiyo hakuwa anakwepa kazi," Dominika alisema polepole.

"Hapana, mama. Alikuwa mgonjwa."

Lukresia aliinamisha kichwa ili wasimwone anavyotabasamu. Alijiona kama aliyetuliwa mzigo.

"Vidonge vitamtuliza," daktari akaendelea, "lakini akirudi kwenye majani mambo yatakuwa yale yale. Ipo tiba ya muda mrefu. Tunampa chavua hiyo hiyo, kidogo sana, na tunaongeza taratibu mpaka mwili uizoee."

"Muda mrefu ndiyo kiasi gani, daktari?" Sirili aliuliza.

"Miaka mitatu."

Sirili alitazama dari, kisha akatazama viatu vyake.

"Zipo njia mbili," alisema daktari. "Ya kwanza ni matone ya kuweka chini ya ulimi. Anayatumia nyumbani kila asubuhi, na hapa mnakuja mara chache tu. Ni rahisi sana kwa mgonjwa. Lakini dawa inatoka Ulaya, inapitia Nairobi, na chupa ya mwezi mmoja ni shilingi elfu hamsini."

"Na ya pili?"

"Sindano. Moja ni elfu tatu. Lakini anachomwa kila wiki kwa miezi saba au minane, kisha mara moja kwa mwezi mpaka miaka mitatu itimie. Na kila akichomwa lazima akae hapa nusu saa tumwangalie, maana mara chache mwili hukasirika."

Sirili alishusha pumzi. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Wanunuzi binafsi walikuwa wakipita na mizani zao, kila mmoja na bei yake, na zote zilikuwa ndogo. "Tutachukua sindano," alisema. Jumamosi hiyo akauza ndama dume aliyekuwa akimkuza kwa ajili ya kuezeka nyumba upya.

Hivyo Jumatano ikawa siku ya sindano. Miezi miwili ya mwanzo Dominika alikwenda na binti yake. Baadaye ng'ombe mmoja alizaa, kazi zikamzidi, na Nesi Esther wa kliniki akakubali Lukresia aende peke yake. "Ni mtoto mwenye akili," alisema.

Kliniki haikuweka kumbukumbu za wagonjwa. Kila mgonjwa alikuwa na daftari lake alilokwenda nalo na kurudi nalo. Nesi Esther aliandika tarehe, kipimo cha dawa, mkono uliochomwa, na mwisho herufi E. Jioni Dominika alilifungua daftari, akausoma mstari mpya, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Dawa ilimsaidia. Kufikia mwezi wa tisa Lukresia alikuwa analala bila pua kuziba. Lakini Jumatano ilikula siku nzima. Alitoka nyumbani asubuhi, akateremka kwa miguu hadi penye gari, akangoja gari lijae, akafika mjini, akakaa kwenye foleni, akachomwa, akakaa nusu saa, akaanza safari ya kurudi. Na Jumatano ndiyo siku ambayo Mwalimu Martha alitoa jaribio la hisabati.

"Umekuwa wa ishirini na mbili," rafiki yake Violet alimwambia siku moja, akimwonyesha orodha ukutani. "Mwalimu anakuwekea sifuri kila Jumatano. Mimi nimekupita!"

Violet alisema kwa utani, lakini Lukresia hakucheka. Muhula uliopita alikuwa wa tatu.

Jioni hiyo aliwasikia wazazi wake wakizungumza jikoni. "Mabati yatasubiri," baba alisema. "Tufanyeje? Afya ya mtoto kwanza." Lukresia alisimama nje na ndoo ya maji, akajiuliza kama bado anahitaji kweli sindano zile. Hakuwa anakohoa. Kifua kilikuwa chepesi. Kukosa moja kungemdhuru nini?

Jumatano iliyofuata aliaga kama kawaida, akakunja kona, akaenda shuleni. Alifanya jaribio, akapata kumi na tisa kati ya ishirini. Mwalimu Martha alimpongeza mbele ya darasa zima. Lukresia alifurahi mpaka muda wa kutoka, ndipo akakumbuka daftari.

Mstari wa mwisho ulisema 0.5. Alikaa kwenye ngazi za darasa, akajizoeza kuandika herufi E kwenye karatasi chakavu mara nane au tisa. Kisha akaandika daftarini: tarehe, 0.6, mkono wa kulia, E. Jioni mama yake alisoma, akaridhika, akalifunga.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, na hilo lilimtisha. Juma la pili aliandika 0.7. Juma la tatu, 0.8. Pesa za sindano na za nauli alizificha ndani ya jalada la kitabu cha maarifa ya jamii. Asingeweza kuzitumia, wala kuzirudisha. Kila alipokifungua kitabu kile kwenye kipindi, aliligandamiza jalada kwa kiganja pesa zisionekane. Usiku alipoambiwa aongoze sala ya familia, alisali haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Jumatatu ya juma la nne, mama yake alikuwa anamenya ndizi za mtori, ile supu nzito ya ndizi. "Jumatano hii twende wote," alisema. "Nataka nimshukuru Nesi Esther kwa mdomo wangu. Nitampelekea maziwa."

Lukresia aliuliza haraka, "Mama, na ng'ombe je?"

"Baba yako atabaki nao."

Siku mbili hizo hakula vizuri. Alitafuta maneno ya kusema, na kila alipoyapata aliyameza. Njiani kuelekea mjini, mama yake alizungumza kwa furaha juu ya ndama mpya. Lukresia aliitikia tu. Alijiambia kwamba Nesi Esther atagundua mwenyewe, na labda atamsemesha pembeni.

Lakini Nesi Esther hakuwepo. Alikuwa amekwenda masomoni Dodoma. Chumbani walimkuta nesi mgeni, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyejitambulisha kwa jina la Magreth.

"Shikamoo, nesi," Lukresia alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Lete daftari." Nesi Magreth aliusoma ukurasa kwa kidole. "Vizuri sana. Hujakosa hata juma moja. Mama, una mtoto mwaminifu."

"Namshukuru Mungu," Dominika alijibu, akaweka chupa ya maziwa mezani.

Nesi alifungua friji ndogo, akatoa kichupa, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akaligonga kwa ukucha. "Leo ni sifuri nukta tisa," alisema. Akapangusa mkono wa Lukresia kwa pamba yenye spiriti. Lukresia aliyakumbuka maneno ya daktari: mara chache mwili hukasirika. Akaikumbuka siku ile bondeni, pumzi ilipoingia nusu. Kisha akamtazama nesi yule aliyekuwa akimwamini kabisa.

"Usinichome!"

Mkono wa nesi ulisimama hewani. "Unaogopa leo? Mbona umeshazoea?"

"Siogopi sindano, nesi. Daftari..." Akajaribu tena. "Mistari mitatu ya mwisho niliandika mimi. Sikuja. Wiki tatu sikuja."

Nesi Magreth aliiweka sindano kwenye sinia polepole sana, kama mtu anayeweka yai.

"Umesema nini, Lukresia?" mama yake aliuliza.

"Nilikwenda shuleni, mama. Nisamehe."

Nesi alitoka, akarudi na Daktari Filemon. Daktari alilichukua daftari, akazilinganisha zile herufi E, za kweli na za uongo. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Lukresia.

"Unajua kilichotaka kutokea hapa?"

Lukresia alitikisa kichwa kukataa.

"Mwili wako tulikuwa tunaupandisha ngazi, kila wiki kipandio kimoja. Ukikosa wiki tatu, mwili unasahau na unarudi chini. Leo tungekurusha juu kwa mara moja. Koo lingeweza kuvimba. Pumzi ingeweza kukata, mbaya kuliko siku ile ulipoletwa hapa. Dawa ya kukuokoa tunayo, lakini si kila mara tunawahi."

Dominika alifunika mdomo kwa khanga. Lukresia alianza kulia, na daktari akamwacha alie kwanza.

"Sasa niambie," alisema baadaye. "Kwa nini?"

Akasimulia yote: jaribio la Jumatano, orodha ya ukutani, safari inayokula siku, mabati aliyosikia yakitajwa jikoni, na pesa zilizofichwa ndani ya jalada. "Nilidhani nimepona," alimaliza.

Daktari alilifunga daftari. "Kudanganya ulikosea, na kosa lenyewe ni kubwa," alisema. "Ila mimi pia lipo nililosahau. Niliwaeleza wazazi wako bei ya dawa, nikasahau kuuliza Jumatano inamgharimu nini mwanafunzi. Mama Lukresia, mngeniambia, tungetafuta njia."

"Hatukujua kama ni jambo la kumwambia daktari," Dominika alisema.

"Ni la kuniambia. Matone yangewaondolea safari, lakini najua bei yake. Sasa sikilizeni. Jumamosi tunafungua mpaka saa saba mchana. Aje Jumamosi, na aje na mtu mzima. Tukishafika kwenye sindano ya mara moja kwa mwezi, nitaongea na zahanati ya parokia yenu pale Uru. Wana friji, na mganga wao namfahamu. Dawa nitamtumia mimi, na dawa ya dharura itakuwepo. Mtoto atatembea kwa miguu dakika kumi, achomwe, akae nusu saa yake, arudi nyumbani."

"Bila nauli?" Dominika aliuliza, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Bila nauli."

Dominika alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta macho kwa pembe ya khanga. Siku hiyo Lukresia alichomwa 0.3. Nesi Magreth aliandika mstari mpya kwa mkono wake, kisha akaichora mistari mitatu ya uongo msalaba mwekundu. Walikaa nusu saa kwenye benchi. Mama hakumkemea wala hakumbembeleza. Walipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Kwa baba yako utakwenda mwenyewe. Maneno ni yako."

Mpakani mwa kihamba palikuwa na miti ya isale, ambayo majani yake Wachagga huyatumia kuombea msamaha. Lukresia alichuma jani moja. Alimkuta baba yake akipalilia kahawa, akapiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili pamoja na pesa zote, akaeleza tangu mwanzo hadi mwisho.

Sirili alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Uso wake ulikuwa mkali, na Lukresia alingoja kuadhibiwa. Baba yake alilipokea jani.

"Yule ndama nilimuuza ili upumue," alisema. "Ungekufa leo, ningefanya nini na mabati?" Akakohoa, akageukia upande wa mlima kwa muda. "Inuka. Pesa mpe mama yako. Na kesho utamweleza Mwalimu Martha mwenyewe kwa nini ulikuwa hupo Jumatano, maana na yeye hatukumwambia."

Mwalimu Martha alisikiliza, akashangaa. Alimkemea kwa kughushi, kisha akampa majaribio yote aliyoyakosa ayafanye baada ya vipindi, moja baada ya jingine. Mwisho wa mwaka Lukresia alikuwa wa nne. Violet alikuwa wa tano, na hakusahau kulalamika.

Sindano za Jumamosi ziliendelea, kipandio kwa kipandio, hadi Aprili. Safari hizo alisindikizwa na mama, na mara nyingine baba, ambaye alizoea kusinzia kwenye benchi la kliniki nusu saa ile yote. Chafya zilibaki, lakini zikawa mbili tatu tu, na filimbi ya kifuani haikusikika tena.

Jumamosi ya mwisho, Nesi Magreth alifunga kifurushi cha dawa cha kupelekwa zahanati ya Uru. Alipomaliza alimwita Lukresia karibu, Dominika akiwa anasikiliza.

"Nikwambie jambo, mwanangu. Siku ile niliporudi nyumbani sikuweza kushika hata kikombe. Nilikaribia kukuumiza huku nikiamini nakutibu."

"Nisamehe, nesi."

"Nilishakusamehe siku ile ile, kwa sababu ulisema kabla sijachoma. Haikuwa rahisi, mama yako akiwa amesimama pale. Lakini usisahau. Mimi sioni ndani ya mwili wako. Naona ulichoniambia na kilichoandikwa. Ukiandika uongo, namtibu mtu ambaye hayupo, na wewe uliyepo ndiye unayeumia. Siku zote mwambie ukweli anayekutibu, hata kama ni ukweli wa aibu. Na jambo likikulemea, gharama, safari, masomo, liseme mapema, kabla hujatafuta njia ya kujificha. Watu wazima hawawezi kulitatua jambo wasilolijua."

"Nimeelewa, nesi."

"Umeelewa. Basi chukua dawa yako, iwekwe kwenye friji ya zahanati kabla ya mchana."

Lukresia alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. Mama yake alishamtangulia mlangoni, akimwita waondoke.